Hamu ya Kuchangiwa

Wiki chache baada ya Mbio za Nyanda, kuku aliingia chumbani kwa Sekela Mwalongo, akatazama huku na huku, akachagua kiatu cha kushoto, akataga. Kesho yake akaja na mwenzake, wakagawana jozi. Sekela alikuwa kitandani anawaona. Hakuwafukuza. Alivuta blanketi mpaka kidevuni, akajiambia kwamba viatu vya mbio ni vya mtu anayekimbia, na kama yeye hakimbii, basi kuku wana haki navyo kuliko yeye.

Na huyu ndiye yuleyule aliyekimbia mbio ndefu nzima mwezi wa sita! Alivuka mstari wakati washindi wameshaoga, wameshakula na wameshahojiwa na watangazaji, lakini alivuka, kwa miguu yake, mwanamke wa makamo anayefungasha parachichi kiwandani. Mtaa wetu wa Msituni, hapa Njombe, ulimpokea kwa matarumbeta. Medali aliitundika kwenye msumari juu ya redio. Kisha ukaja mwezi wa saba na baridi yake, ukungu unaoingia mpaka ndani ya kikombe cha chai, na mbio nyingine ziko mbali huko mwaka ujao, mbali kiasi kwamba ukizifikiria unasinzia.

Miaka yote ya nyuma kipindi hiki cha katikati alikuwa anakivuka kwa msaada wa Wende Kaduma. Wende alikuwa jirani, rafiki na mwenzake wa kukimbia. Kila alfajiri alisimama nje ya nyumba ya Sekela, akaokota kokoto, akairusha juu ya bati. Paa! Mtu hawezi kulala baada ya hapo, hata akitaka. Lakini mwaka huu Wende aliteleza kwenye tuta la viazi akavunjika nyonga. Hospitali walimwekea nyonga mpya, waliyoichapa wenyewe kwa mashine yao, wakamwambia atembee kila asubuhi, kidogo kidogo, ili nyonga imzoee mwenyewe. Kwa hiyo bati la Sekela likanyamaza.

Habari ya kuku na viatu ilimfikia Mzee Kastori Ngole. Hakuna harusi wala msiba wa mtaa huu ambao Mzee Ngole hakuwa mwenyekiti wa kamati. Akiona watu wawili wamesimama pamoja anauliza katibu ni nani.

"Jamani," alisema siku alipotukusanya ukumbini, Sekela akiwa amekalishwa mbele kama bibi harusi, "huyu ametubeba mtaa mzima kwenye redio. Leo kuku wanataga ndani ya viatu vyake. Tumwache? Tunachangia harusi, tunachangia misiba. Leo tunachangia hamu."

Watu wakapiga makofi. Kila mmoja wetu alikuwa na kipuli sikioni, kama unavyojua. Vilianza hospitalini, kwa akina mama waliojifungua wakakosa nguvu ya kutazama hata mtoto, halafu vikashuka bei mpaka vikauzwa pamoja na betri na njugu. Kipuli kinapima ile hamu inayomtoa mtu kitandani akafanye jambo, na kinaweza kuchukua punje yake na kumrushia mwenzako, kama tulivyokuwa tunarushiana salio la simu zamani. Mwili unaitengeneza hamu usiku, kama ng'ombe anavyotengeneza maziwa. Ukikamua kidogo jioni, ndama akiwa ameshanyonya, hakuna anayeumia. Wauguzi waliturudia-rudia: jioni, kilichobaki, punje moja.

Lakini kamati haikuwa na muuguzi.

Mama Elikana wa maandazi alisimama akaahidi punje moja, makofi. Festo kinyozi akaahidi punje moja, makofi. Mwalimu Lihaya, anayeimba besi kwaya, akaahidi mbili kwa sauti iliyotikisa madirisha. Kisha Mzee Ngole akainua simu yake.

"Tulieni! Kuna ujumbe kutoka kitandani kwa Mama Wende."

Sauti ya Wende ikajaza ukumbi, ikitusalimu kwa Kibena. "Kamwene ndugu zangu. Mimi mwaka huu sina miguu ya kukimbilia. Mpeni Sekela nusu ya hamu yangu. Akimbie na kwa niaba yangu."

"Nusu!" Mzee Ngole akapiga meza. "Mtu wa kitandani ametoa nusu! Nyinyi wenye miguu mnanitajia punje? Hamna haya?"

Haya zilikuwepo. Ahadi zikaanza kupanda kama mnada. Na kwa sababu Mzee Ngole alikuwa amechoka maisha yake yote kuwakumbusha watu ahadi za harusi, aliagiza kila mmoja apange kipuli chake kirushe chenyewe, kila alfajiri, mpaka siku ya mbio zijazo. Alfajiri, sikiliza vizuri. Kabla ndama hajanyonya.

Sekela aliisikia ile nusu. Aliwaza: Wende anatakiwa atembee. Wazo likapita kichwani kama mtu anayepita nje ya dirisha, ukamwona kofia tu. Kisha naye akapiga makofi pamoja na wengine.

*

Asubuhi ya kwanza alitoka kitandani kabla hajajua kuwa ametoka. Mayai aliyatoa viatuni akayaweka kwenye kikapu, akafunga kamba, akaingia barabarani kwenye ukungu. Mbwa wa kwa Mgaya, anayefukuza kila kinachokwenda kwa miguu, alimfukuza mpaka kwenye daraja, akakaa chini, akatafakari maisha yake. Malori ya parachichi, yale yasiyo na dereva, yaliwasha taa za pembeni kumpisha. Jogoo wa mtaa wakamlaumu kwa wiki nzima kwamba anapita kabla hawajawika.

Kilichomshangaza ni kwamba hamu ya watu haikuja kama maji, yote rangi moja. Ilikuja na wenyewe. Karibu na tangi la maji mikono yake ilianza kukanda hewa. Ilikuwa ya Mama Elikana, na ilikuwa na haraka, kwa sababu mafuta yalikuwa yanachemka mahali fulani. Alipofika kwenye miti ya misindano akajikuta amefungua kinywa na kutoa besi nzito iliyowatoa kunguru mitini. Alipomkuta mlinzi wa kiwanda amesimama na nywele zake zimetimka, vidole vyake vilichezacheza kama mkasi, ikabidi avifiche kwapani.

"Kamwene, mama! Unacheka nini peke yako?" mlinzi alimuuliza.

"Siko peke yangu," alijibu, akapita.

Kisha kilima cha mnara. Hapo ndipo kila mwaka alipokuwa anamwomba Mungu ampe sababu ya kurudi nyumbani. Safari hii kilima kilimjia, miguu ikakipokea, na kifuani kukafunguka kitu chepesi, safi, kama mlango wa nyumba iliyopikiwa. Hakuwahi kupanda hivyo. Alitaka kilima kiendelee. Na katikati ya kutaka huko, bila kusimama, mkono wake wa kulia ulishuka chini, ukaokota kokoto, ukainuka nyuma ya bega tayari kurusha.

Hakukuwa na bati lolote pale. Kulikuwa na misindano na ukungu.

Sekela aliitazama ile kokoto mkononi mwake. Alijua ni ya nani hamu ile, alijua kama unavyomjua mtu kwa kikohozi chake. Alijua pia kwamba saa ile, chini kule, mwenye hamu yake alitakiwa awe ameshika fimbo anajifunza kutembea.

Akaitia kokoto mfukoni, akaendelea kupanda. Hilo ndilo la kukumbuka katika habari hii yote. Aliendelea kupanda.

*

Mtaa haukulala kwa siku moja. Ulianza kusinzia.

Maandazi ya Mama Elikana yalikuwa ya kwanza kulala. Yalikuwa yanavimba kama mashavu ya mtoto, yakawa bapa, yakawa ya mraba kwa sababu alichoka kuyazungusha, halafu siku moja akaweka unga mezani na kibao kimeandikwa: Jipikieni. Festo alimnyoa mteja upande mmoja akamwambia wa pili aje kesho. Ungetegemea ugomvi. Mteja naye alikuwa amechangia, akavaa kofia akaenda zake. Kwaya iliimba Jumapili wamekaa. Mwalimu Lihaya alisema besi ipo, ila haoni sababu.

"Ni baridi ya mwaka huu," tuliambiana. "Haijawahi kuwa hivi."

Na kila mtu alikuwa anajua kitu kingine, lakini kujitoa kwenye mchango uliotangazwa kwa makofi, jina lako likasomwa, nani awe wa kwanza? Bora ulale.

Sekela alikuwa anaupita mtaa huo kila asubuhi akiwa na hamu za watu wote kifuani. Aliona milango iliyofungwa. Aliona majivu ya jana kwenye jiko la Mama Elikana. Na miguu yake ilizidi kuwa mizuri. Kila siku kwenye kilima mkono uliokota kokoto, na kila siku alirudi nayo nyumbani kwa sababu kuitupa aliona vibaya na kuishika aliona vibaya zaidi. Alizitia kwenye bakuli chini ya kitanda. Bakuli likajaa, akahamia kwenye sufuria.

Jumamosi alimpelekea Wende mtindi na parachichi. Alizichagua zilizo nzuri kupita zote, kama mtu anayemletea zawadi askari.

Chumba kilikuwa na giza ingawa jua lilikuwepo. Wende alikuwa amelala ubavu, anautazama ukuta. Fimbo yake ya kutembelea ilikuwa kwenye kona, na buibui alikuwa ameifunga ukutani kwa utando kama fundi aliyelipwa.

"Kamwene, Wende."

"Kamwene. Ni wewe. Kaa."

"Nimekuletea mtindi."

"Weka hapo. Nitakula."

Chini ya meza kulikuwa na mtindi mwingine, wa mtu mwingine, wa siku nyingi.

Muuguzi Tumsifu aliingia akiwa na mfuko wake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya filimbi. "Mama Wende! Leo tumetembea?"

"Kesho."

"Kesho ndiyo uliyoniambia wiki iliyopita, mama. Mimi hiyo kesho nimeshaichoka."

Wende aliendelea kuutazama ukuta. Zamani angemjibu mpaka jirani wa tatu acheke.

Muuguzi alimshika Sekela mkono akamtoa uani. "Dada, wewe ndiye mtu wake wa karibu. Nyonga hii isipotembezwa inagandia. Ikishagandia, hakuna mashine ya kuichapa mara ya pili, mfupa wake haukubali. Atakaa kwenye kiti maisha yake yote. Nimebakiwa na wiki chache tu za kumwinua." Akapunguza sauti. "Niambie ukweli. Amemrushia mtu hamu? Sheria hainiruhusu kuchungulia kipuli cha mgonjwa mpaka aniambie mwenyewe, na yeye haniambii."

Uani kulikuwa na jiwe la kufulia. Sekela alilitazama jiwe hilo kwa makini sana.

"Sijui," alisema. "Labda ni hii baridi."

Muuguzi akashusha pumzi, akaondoka na mfuko wake.

Sekela alirudi ndani akiwa amejipanga kusema. Maneno alikuwa nayo mdomoni. Wende alikuwa amegeuza kichwa kidogo, anamtazama.

"Unakimbia lakini?"

"Nakimbia."

"Kilima unakipanda?"

"Siku hizi sisimami."

Uso wa Wende ulitaka kutabasamu ukakosa pa kuanzia. "Basi hapo ndipo ninapotembea mimi," alisema. "Mwambie muuguzi asinisumbue. Mimi natembea kila siku, tena kilimani."

Na Sekela, Mungu amsamehe, alisema, "Ahsante, mwenzangu." Akapitisha mkono juu ya blanketi kulinyoosha, ingawa lilikuwa limenyooka.

Usiende kumhukumu kabla hujajua alichokuwa anaogopa. Alikuwa ameuona utupu wake ule wa mwezi wa saba, amelala nao, amewaona kuku. Alikuwa anaamini kwamba chini ya hamu za watu hakuna yake kabisa, kwamba akizifunga atabaki kama gunia lililomwagwa viazi. Na ubaya mwingine wa hamu ni kwamba haina masikio. Alilala na nia ya kuacha. Alfajiri zile punje zikaingia zote kwa pamoja, na kitu kilichokuwa kinatakiwa kifikiri ndicho hichohicho kilichotaka kukimbia.

Kwa hiyo alikimbia.

Mikono haikukanda hewa karibu na tangi, maana kwa Mama Elikana hakukuwa tena na mafuta ya kuchemka. Misindanoni alitoa mlio kama wa mlango. Hamu za watu zilikuwa zimekonda, alizikimbilia kama mtu anayekombeleza sufuria. Lakini kwenye kilima alisubiri kile cha Wende, kile chepesi, na alikisubiri, jamani, kwa uchu. Kikaja.

Hakikuja na kokoto. Mkono ulibaki ubavuni. Alichokisikia hakikuwa hamu ya kuamsha mtu, wala ya kutembea, wala ya mtindi. Ilikuwa ni hamu ndogo, nyembamba, ya kutaka tu kupambazuke. Ya kutaka kuona kama kesho itakuwepo. Nusu ya hiyo.

Wende alikuwa ameishiwa vyote vya juu. Kipuli sasa kilikuwa kinakwangua chini, na alichokwanguliwa kilikuwa kimeingia kwenye mapaja ya Sekela, na kwa muda wa hatua kadhaa, kabla hajaelewa, mapaja yalikuwa yamekifurahia.

Alikaa chini katikati ya barabara. Lori likaja, likasimama, likawasha taa za pembeni, likamngoja. Alitapika kidogo kwenye majani. Kisha akainuka akashuka kilima akitembea, na lori likamfuata polepole nyuma kama lililomwonea huruma.

*

Alipitia moja kwa moja kwa Mzee Ngole. Mwenyekiti alikuwa barazani, amelala kwenye kiti kirefu, kofia usoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," kofia ilijibu. "Kaa. Kuna kiti mahali."

"Mzee, nataka mchango usimame."

Kofia ikashuka. "Usimame vipi? Kuna mtu amejitoa?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimekuja. Wende anakufa, mzee. Muuguzi ameniuliza, nimemdanganya usoni. Na nyinyi wote mmekuwa kama nguo zilizoanikwa. Waambie watu wazime."

Mzee Ngole alikaa vizuri, kwa shida, akashika kidevu. "Mwanangu, mimi nimeongoza kamati tangu nikiwa na meno yote. Mchango ukishatangazwa, mtu akisema zima, kesho wenzake watamtazamaje? Watasema alikuwa anatafuta upenyo. Unadhani sisi hatujui kwamba umetumaliza? Kila mmoja anamngoja mwenzake aanze." Akapiga mwayo mrefu. "Mimi mwenyewe nangoja."

"Basi naanza mimi. Nafunga upande wangu. Kitakachorushwa na vipuli vyenu hakitakuwa na pa kuingia, kitabaki kwenu."

"Unatukataa?" Hapo ndipo aliposhtuka kweli. "Mtaa mzima umekuchangia, unarudisha? Tutaonanaje barabarani?"

"Vibaya," Sekela alisema. "Tutaonana vibaya, mzee."

Alikivua kipuli sikioni, akakifunga kwa ukucha, akakiweka juu ya meza kando ya kikombe cha mzee. Kilikuwa bado na joto la sikio lake.

Mzee Ngole alikitazama kama anatazama bibi harusi aliyekimbia. "Na mbio je?"

"Sijui."

"Bila hicho utaamka?"

"Sijui, mzee."

"Kuku watarudi," alisema, akarudisha kofia usoni.

*

Na kweli walirudi. Alfajiri iliyofuata Sekela alifumbua macho na hakukuwa na mtu ndani yake. Hakukuwa na unga, wala besi, wala mkasi. Kuku alikuwa mlangoni, amesimama kwa mguu mmoja, anasoma hali ya hewa ya chumba. Nje manyunyu yalikuwa yanakwaruza bati.

Alijitafuta kila mahali. Alitafuta hata hamu ya kukojoa, akaipata, ndogo. Nyingine hakuna. Alichokuwa nacho ni kile kilichobaki siku zote chini ya hamu za watu, kimekaa kinamngoja: alikuwa amekula chakula cha mgonjwa. Aibu haimwinui mtu, ukweli ndio huo, aibu inamlaza. Alilala nayo kitambo, wakatazamana na kuku.

Kisha aliinuka bila kutaka. Nasema bila kutaka, na usinibishie, maana ndivyo alivyonieleza mwenyewe na ndivyo anavyoeleza mpaka leo: hakuna kilichomsukuma, alitoa mguu mmoja nje ya blanketi kama anautoa wa mtu mwingine, akautoa wa pili. Alimtoa kuku, aliyekuwa ameshaingia kiatuni. Aliinama chini ya kitanda, akachukua kokoto moja kwenye sufuria.

Nyumba ya Wende haiko mbali. Asubuhi ile ilikuwa mbali kuliko mbio zote. Alifika akiwa ameloa, akasimama uani kando ya lile jiwe la kufulia, akarusha.

Paa!

Hakutoka mtu.

Akaokota ileile ilipoviringika ikaanguka, akarusha tena.

Paa!

"Nani huyo mjinga?" Sauti ilikuwa ya mtu anayetolewa kisimani.

"Ni mimi. Sekela."

"Umechanganyikiwa? Hujui kuna mgonjwa?"

"Najua. Toka nje tutembee."

"Sitaki."

"Hata mimi sitaki. Toka."

Sekela alirusha mara ya tatu. Ndani kukasikika kitu kikivutwa, kikianguka, na tusi la Kibena ambalo sitalirudia, mama yake alikuwa mwinjilisti. Wende alikuwa na maziwa ya usiku mmoja tu, hamu ya usiku mmoja ambayo haikukamuliwa na mtu, na yote ilikuwa imekwenda kwenye hasira. Hasira ikamtosha kufika mlangoni. Alitokea ameshika fimbo, utando wa buibui bado unaning'inia kwenye mpini, amejifunga blanketi, macho yamezama.

"Bati langu hili," alisema, akihema. "Bati langu, Sekela."

"Wende, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni yako. Kwamba inakumaliza. Muuguzi aliniuliza nikamwambia ni baridi."

Manyunyu yalikuwa yanamlowesha Wende nywele. Hakuonekana kuyasikia. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kilimani."

Wende aliegemea mlango. Alimtazama rafiki yake kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mahali pa kushika kwenye kitu kisicho na mpini.

"Na ulikimbia vizuri?"

Sekela alitaka kusema uongo. Ungekuwa uongo wa adabu. "Vizuri kuliko maisha yangu yote," alisema.

"Afadhali," Wende alisema. Halikuwa neno la msamaha, na Sekela hakulichukua hivyo. "Ungekuwa umekimbia vibaya ningekupiga na fimbo hii."

Walitoka uani. Hakuna aliyekuwa na hamu. Sekela alitaka kumshika mkono, Wende akautoa. Walikwenda mpaka kwenye bomba la maji la kona, umbali ambao mtoto anautambaa, na Wende alisimama mara nyingi, akilia kwa uchungu wa nyonga na kumlaani Sekela, kamati, hospitali, na mtu aliyevumbua viazi. Kwenye nyumba ya Mama Elikana moshi ulikuwa unatoka, mwembamba, wa kujaribu. Mama Elikana mwenyewe alikuwa mlangoni na mikono ina unga. Aliwaona, akamtazama Sekela, akaingia ndani bila kumsalimia.

Walipofika bombani Sekela alichungulia ndani yake kwa uoga, kama unavyochungulia chungu kilichosahauliwa jikoni. Kulikuwa na kitu kidogo. Hakikuwepo alipoamka. Hakuthubutu kukigusa.

Kurudi kulichukua muda mrefu kuliko kwenda. Mlangoni, Wende alishika kizingiti, akapumua, akazungumza bila kugeuka.

"Kesho usirushe jiwe kubwa namna ile. Utanitoboa bati."

"Ni kokoto tu."

"Nimesema dogo."

"Ninayo madogo mengi," Sekela alisema. "Sufuria nzima. Yatatufikisha mpaka mbio zijazo."

Wende alisimama pale, fimbo mkononi, mgongo kwake. Hakumuuliza ameyapata wapi. Aliingia ndani, akauacha mlango wazi.